Tangi Lisilo na Fremu

Jumamosi, 3 Agosti 1991. Kemondo.
Leo Sada amenikabidhi tangi la samaki la marehemu kaka yake. Mimi, fundi mitumbwi! Vioo vitano na fremu nyeusi ya plastiki juu, yenye ufa kwenye pembe moja. Akasema, kaka Muharami, uigundishe hiyo pembe tu, nilipate kabla ya arobaini, Jumapili ya wiki ijayo. Marehemu, Mwalimu Shaban, alilipenda tangi hili kuliko redio. Furu wake sita, visamaki vya ziwani, aliwanunua wazima kwa wavuvi, kabla sangara hawajawamaliza ziwani. Sasa wako kwenye ndoo kwa Sada, Buhembe.

Niandike ukweli, maana daftari halina mdomo. Shaban alikuwa rafiki yangu tangu madrasa. Alipopatwa na ugonjwa huu wa siku hizi, nilikwenda kumwona mara moja, nikaishia kwenye migomba nje ya nyumba. Nikageuza. Mazikoni nilisimama nyuma ya watu wote. Naona aibu hata kuandika.

Kwa hiyo kugundisha pembe hakutoshi. Nitafanya jambo kubwa.

Jumapili, 4 Agosti.
Nimepata! Sukari ya jana ilifungwa kwa karatasi ya gazeti la Ulaya, na humo mna picha ya tangi lisilo na fremu kabisa. Vioo vitupu. Samaki kama wananing'inia hewani. Nitalifanya hivyo. Watu wa arobaini waulize kafanya nani, Sada aseme Muharami.

Mchana akaja Ishengoma huku Kemondo kununua samaki kwa wavuvi. Ni mwalimu wa sayansi, alifundisha pamoja na Shaban. Huyu ndiye aliyemwogesha na kumlisha hadi siku ya mwisho. Buhembe nzima inajua, naye hata hajisifu, jambo linaloniudhi zaidi. Aliposikia mpango wangu akaanza na "waitu" yake ya upole, yaani "mwenzetu" ya Wahaya. Eti fremu si pambo, ndiyo inayovishika vioo visisukumwe na maji. Nikiitoa, nigundishe vipande vya kioo kwa ndani, ukingoni juu. Nitumie silikoni, gundi ya vioo, ningoje wiki nzima ikauke, na maji nisijaze. Wiki nzima! Arobaini ingenisubiri? Nikamjibu kwamba mimi nimeunda mitumbwi kumi na saba. Yeye ameunda mingapi?

Jumanne, 6 Agosti.
Fremu imetoka. Nilipitisha wembe kati ya plastiki na kioo, taratibu, kifundi kabisa. Kisha nikachoka, nikavuta. Ikatoka na gundi ya pembe mbili. Kingo za kioo sikuzipiga msasa, nazo zikachukua ngozi ya kidole gumba.

Mayenga wa duka la vifaa alikuwa na kichupa kimoja tu cha silikoni, nusu imekauka. Imetosha pembe moja. Ya pili nimeisindilia pamba na kuipaka gundi, kama tufanyavyo kwenye mtumbwi. Vile vipande vya kioo vya juu sikuviweka. Vingeonekana. Halafu ni wazo la Ishengoma.

Jumatano, 7 Agosti.
Nimejaza maji hadi ukingoni. Linavuja. Sikushtuka! Mtumbwi mpya nao huvuja. Tunauzamisha siku mbili, mbao zinakunywa maji, zinavimba, zinabana zenyewe. Nimeliacha linywe.

Jioni. Bado linavuja, ila kidogo. Na kioo cha mbele kimeanza kutoa kitambi. Linavimba! Nimecheka peke yangu kwa furaha.

Alhamisi, 8 Agosti.
Ee Mola, nifiche.

Nililipeleka Buhembe kwa pikapu ya samaki, nimelipakata. Nikaliweka mezani sebuleni, nikajaza, nikawatia furu wote sita. Lilipendeza! Sada aliweka mkono mdomoni, machozi yakamtoka. Wanawake waliokuwa wakichagua mchele wa arobaini wakanipa pole na hongera. Kwa muda wa kikombe kimoja cha kahawa nilikuwa mtu.

Kisha, tak! Kioo cha mbele kikaondoka chote. Maji juu ya gunia la mchele. Maji juu ya mikeka. Wanawake wakaruka wakipiga kelele. Ishengoma (hakosekani!) akapiga magoti, akawaokota furu mmoja mmoja na kuwatia kwenye sufuria. Watano walipona. Wa sita aliteleza chini ya kabati, tukachelewa kumpata.

Na mimi? Nilisimama mlangoni nikisema kuna mtu kaubamiza mlango. Hakuna aliyegusa mlango. Wote walijua. Nikaondoka bila kuaga.

Ijumaa, 9 Agosti.
Sada amekuja mwenyewe Kemondo. Nilijificha nyuma ya mtumbwi, akaiona miguu yangu. Hakufoka. Afadhali angefoka. Akasema mchele umeanikwa, utapikwa tu.

Kisha akasema Shaban aliniona siku ile migombani. Akaomba kitanda chake kisogezwe dirishani, akisema Muharami ameona haya tu, kesho atarudi. Alikaa dirishani siku tisa.

Sada hataki tangi. Hataki kitu. Nije tu Jumapili, niketi na watu, nile, nimwombee kaka yake. Nililia mbele yake kama mtoto. Nikaapa kwamba nitakuja.

Jumapili, 11 Agosti.
Arobaini ni leo. Nimeamka mapema, nikavaa kanzu safi, nikafika hadi kwenye pikapu ya kwenda Buhembe. Nikatia mguu mmoja. Ndipo nikafikiri: niende mikono mitupu? Mbele ya wanawake wale? Mbele ya Ishengoma? Haiwezekani. Nikashuka.

Nimeng'oa vioo vya madirisha yangu, vizuri kweli. Nitaunda tangi jipya, kubwa mara mbili ya lile, bila fremu. Nimeshaona nilipokosea. Safari hii nitaliloweka siku nne.

Saa hizi wanasoma dua kule Buhembe. Nimeitikia amina hapa hapa. Nikilimaliza tu, nitakwenda kuketi nao.