Mikono ya Wifi Bernadina

Jumapili, 2 Juni 2024
Wifi Bernadina, mke wa kaka yangu, kaja kanisani Old Korogwe na gauni la mikono mifupi. Lo! Mikono imekaza kama ya msichana! Mwaka jana, baada ya kupungua kilo arobaini, ngozi ya mikono ilikuwa inaning'inia. Joto likija, inachubuka. Mwezi wa pili mwaka huu daktari wa Dar akaikata na kushona. Nilimuuguza mimi wiki tatu. Jasiri yule! Bandeji zikibanduliwa, hata chozi halimtoki. Watu wanadhani alikwenda kumsalimia mwanawe tu.

Yusta, mwalimu wa mazoezi hapa Masuguru, kauliza wifi kafanyaje. Mdomo ukanitangulia. Nikasema ni mazoezi yangu. Yapi? Ya madumu ya maji.

Jumanne, 4 Juni
Akina mama kumi na wanne uani kwangu, kila mmoja na madumu mawili. Nahesabu, wanainua. Mimi siinui, mimi ni mwalimu. Yusta kabaki na mwanafunzi mmoja: mama yake mzazi. Raha!

Alhamisi, 6 Juni
Loveness msusi hawezi kusuka, mikono haipandi. Nimemwambia hayo maumivu ndiyo ngozi inarudi. Nani alinituma?

Jioni, mwaliko! Akina mama wa Handeni wananitaka Jumamosi, nije na wifi wajionee. Wifi nimemwambia tunakwenda kusalimia tu. Kakubali bila swali. Nikaona aibu. Ikapita.

Jumamosi, 8 Juni
Handeni. Ukumbi umejaa. Yusta naye kaja, kakaa mbele kabisa! Nikamsifu wifi, nikayasifu madumu. Yusta akasimama, akamwomba wifi anyanyue mikono juu.

Wifi akanitazama. Akanitazama tena. Kisha akainyanyua yote miwili. Kovu, kutoka kwapani hadi kiwikoni, kila mkono.

"Hili si dumu," akasema. "Ni kisu cha daktari. Niliumwa, na kovu halitafutika. Lakini sasa natembea juani bila kuchubuka. Sioni haya."

Kisha mama mmoja akaomba kuligusa. Wakapanga foleni! Hata Yusta. Wifi akajibu kila swali, taratibu, kama malkia. Mazoezi hujenga misuli, akasema, ila ngozi iliyolegea vile haikazwi na dumu.

Nikangoja animalize. Akasema wifi yake Evodia ndiye aliyemwogesha na kumlisha wiki tatu nzima, ila ni mwongo tangu amfahamu. Ukumbi ukaangua kicheko. Mimi nikalia. Mwanamke gani huyu!

Kwenye basi, karibu na Korogwe, akanigeukia. Akasema, "Wifi, mwili ni wangu. Ukitaka kuusimulia, niulize kwanza." Nikaomba radhi. Akanimegea muhindi wake wa kuchoma.

Nimeapa. Sidanganyi tena. Kwa moyo wangu wote!

Jumatano, 12 Juni
Jirani yetu Mzee Hiza karudi kutoka hospitali, katolewa mtoto wa jicho. Anasoma gazeti bila miwani, barazani kwake, kila mtu anamwona! Akina mama wamekuja kuniuliza imekuwaje.

Nimeagiza gunia la karoti kutoka Mombo. Darasa la macho linaanza Ijumaa.