Ombi la Kutumiwa Mwizi

Ambilikile Mwaisumo,
Kata ya Bujonde,
Kyela.
14 Julai, 1998.

Mkurugenzi,
Mfuko wa Wanasheria Vijana kwa Umma,
Dar es Salaam.

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: MALALAMIKO YA MTU ASIYEIBIWA

Mugonile. Hivyo ndivyo tunavyosalimiana huku Kyela, na mtumishi wenu Neema ameshaizoea salamu hiyo hata anaitamka vizuri kuliko baadhi ya watoto wetu waliosomea mbali. Natumaini barua hii itakukuta mzima. Mimi ni mzima, ila nina malalamiko, na kwa kuwa nilikuwa karani wa chama chetu cha ushirika kwa miaka ishirini na miwili, nitayapanga kwa namba usipate taabu.

Kwanza nijitambulishe. Ni mkulima wa mpunga na kakao, umri miaka sitini na moja. Kabla ya soko huria, siku chama chetu kilipokuwa hai, hakuna stakabadhi ya mpunga iliyotoka hapa bila sahihi yangu. Ni sahihi yenye mkia mrefu unaorudi nyuma na kulipigia mstari jina zima. Wapo watu wanaozitunza stakabadhi hizo hadi leo ingawa mpunga wenyewe ulishaliwa zamani. Sisemi haya kwa kujisifu, ila ujue unaandikiwa na mtu wa makaratasi.

1. Kibao. Mwezi wa kwanza mlimleta Neema kwa ufadhili wenu wa mwaka mmoja, mkampangia chumba Mbugani nyuma ya duka la vyombo, mkatundika kibao: MSAADA WA SHERIA BURE KWA WALIOTENDEWA UHALIFU. Nilipokisoma nilifurahi hadi neno la nne. Kuanzia la tano nikaingiwa na wasiwasi, na la saba likaniacha nje. Mimi nahitaji mwanasheria, lakini sijatendewa uhalifu wowote. Neema alinikaribisha kwa heshima, akaniuliza kama nimewahi kuibiwa, kupigwa au kuvunjiwa nyumba. Nikamjibu ukweli, hapana. Akauliza kama nina namba ya RB kutoka polisi. Sina. Akasikitika, tena nikaona kweli amesikitika, akasema masharti ya Mfuko ndivyo yalivyo. Kwa maana hiyo, Ndugu Mkurugenzi, mtu akiishi vizuri na majirani zake, ninyi mnamwadhibu.

2. Upendeleo. Jirani yangu Tukuswiga ni mshonaji. Mwaka juzi aliibiwa cherehani. Mwizi alikamatwa, akashtakiwa, akafungwa, na kesi ikaitwa Jamhuri dhidi ya huyo mwizi. Jamhuri ikashinda. Tulikwenda kumpongeza Tukuswiga, akatuuliza tunampongeza kwa lipi, maana Jamhuri haishoni, na yeye alikuwa bado anashona sare za shule kwa mkono. Hivyo hivyo mpaka Neema alipokuja akamweleza kwamba ile kesi ya jinai ilikuwa ya Jamhuri, lakini ipo nyingine ya madai, na hiyo ni yake mwenyewe. Akamwandalia hati, akamfundisha ya kusema mbele ya hakimu, hadi aliyekuwa ameinunua cherehani akairudisha. Sasa naisikia kutoka kwangu, inanguruma tangu asubuhi. Sina wivu. Nauliza tu kwa nini Tukuswiga, aliyepata bahati ya kuibiwa, aongezewe na bahati ya mwanasheria, na sisi tulioikosa ya kwanza tuikose na ya pili.

3. Shida yangu. Haina uhalifu hata chembe, ndiyo maana inanisumbua. Ninalo shamba la kakao ambalo mimi na marehemu mke wangu Milka tulilipanda mche kwa mche. Milka amelala humo humo, pembeni kwenye migomba, kwa sababu ndipo alipopenda kukaa akipumzika. Sasa siku hizi kakao imepata wachumba wengi. Wanunuzi binafsi wanakuja na mizani yao hadi mlangoni, na mdogo wangu Godlove, tumbo moja, akalipenda shamba.

Mwaka jana mwezi wa nne malaria ilinilaza. Masikio yalikuwa yanalia kwa kwinini, nikawa namwona Godlove wawili. Mchana mmoja wote wawili waliketi kando ya kitanda, mmoja akanishika mkono, nikasikia ubaridi kwenye dole gumba. Nilipopata nafuu nikaliona dole lina rangi ya zambarau. Godlove akasema ni dawa. Nikamwambia ndaga fijo, yaani asante sana, Mungu amzidishie. Miezi miwili baadaye akapeleka karatasi kwa mtendaji, imeandikwa kwamba nimempa shamba kwa hiari yangu, na chini yake pana alama ya dole gumba. Akaweka lango na kufuli.

Haya, nani aliniibia hapo? Hakuna. Mwizi ni mtu wa nje. Mdogo wangu haibi, anachukua, na mimi nikisimama mbele za watu nikasema kaiba, nimelitukana tumbo lililotuzaa sote. Kwa hiyo jambo hilo nililifunga, na Neema sikumwambia, kwa sababu mambo ya ndani hayapelekwi Mbugani. Ninachotaka mwanasheria anisaidie ni kitu kidogo tu, ufunguo. Kila Jumamosi nikitaka kufagia kaburi la Milka lazima niende kwa Godlove kuuomba. Kwanza ananipa chai. Jumamosi nyingine hayupo, nami narudi nyumbani na ufagio wangu. Inaniuma, Ndugu Mkurugenzi. Naomba niseme wazi kwamba inaniuma, kisha niendelee na namba nne.

4. Juhudi zangu. Usidhani nimekaa tu nikisubiri kuhurumiwa. Nimejitahidi sana kuibiwa.

Niliiacha baiskeli yangu sokoni bila kufuli tangu asubuhi. Nilipoirudia jioni, mtu alikuwa ameisogeza kivulini. Siku ya pili niliiacha mbali zaidi, njia panda, ikafika nyumbani kabla yangu. Muuza samaki mmoja wa Matema aliitambua, akaileta hadi Bujonde, na tairi la nyuma amelijaza upepo.

Nikamwomba rafiki yangu Lameck aniibie mbuzi. Alikataa. Nikambembeleza, nikamkumbusha tulikotoka, akakubali kwa ajili ya urafiki. Alimchukua mchana kweupe huku mimi nikiangalia upande mwingine. Baada ya miezi miwili akamrudisha, akasema moyo unamsuta hata chakula hakipiti. Mbuzi alikuwa amenenepa, tena ana mimba ya beberu wa Lameck. Nimetendewa uhalifu nikapata faida ya mbuzi mmoja, pengine wawili.

Nilipokwenda kuwaona shemeji zetu upande wa Malawi, nilipita kwenye umati wa mpakani kitambaa changu kikining'inia mfukoni. Nilirudi na vitambaa viwili, kwa sababu mama mmoja aliona hicho changu kimechakaa.

Mwishowe nikaenda kituo cha polisi kuomba RB ya akiba. Askari wa zamu akauliza nimeibiwa nini. Nikamwambia bado, ila namba ningependa niwe nayo mapema. Aliweka kalamu chini, akaniangalia kwa upole sana, akaniambia, "Tata, nenda nyumbani ukapumzike." Mtu mwenye miaka yangu anaombwa akapumzike wakati shida yake haijaanza kushughulikiwa.

5. Maombi. Baada ya kutafakari naona yapo matatu, na ukikubali moja tu nitashukuru.

La kwanza, kibao kiongezwe maneno mwishoni, yasomeke: NA WALE AMBAO BADO.

La pili, kama kibao hakibadiliki, naomba Mfuko unitambue kwa barua kuwa ni mtu aliyetendewa uhalifu kwa heshima, kama vile chuo kinavyoweza kumpa shahada mtu ambaye hakuketi darasani.

La tatu, kama hilo nalo ni gumu, naomba mnitumie mwizi. Dar es Salaam nasikia mnao wa kutosha, tena wenye uzoefu. Siku hizi tunaletewa mitumba, betri na mafuta ya kupaka kutoka kila upande, sioni kwa nini bidhaa hii moja tu izuiliwe njiani. Awe mstaarabu. Atafikia kwangu, atakula wali wa Kyela, ambao harufu yake peke yake itamsahaulisha uchovu wa safari. Asubuhi ataniibia redio, mimi nitapiga kelele za kiasi, nitakwenda kuchukua namba, na mchana ataondoka na shukrani zetu. Redio si lazima airudishe. Tafadhali afike kabla ya Desemba, kwa kuwa mwaka wa Neema utakuwa umekwisha, na sijui mtatuletea nani mwingine anayeweza kumsikiliza mzee hadi afike mwisho wa maneno yake.

Nisalimie wote hapo ofisini, anayepiga chapa, anayepokea simu na anayefagia, hasa huyo anayefagia. Tukuswiga anawasalimu sana. Lameck naye anawasalimu, ila anaomba habari za mbuzi zisifike mbali.

Ni mimi mwananchi ambaye hajapata bahati,

Ambilikile Mwaisumo
(sahihi yangu, kwa mkono wangu, ile ile ya stakabadhi)

Nakala: Neema, Mbugani, kwa taarifa.

N.B. Unayoisoma hii ni nakala niliyoiandika upya neno kwa neno. Ile ya kwanza nilimpelekea Neema aisome kabla sijaibandika stempu, asije akadhani namsengenya kwa wakubwa zake. Alicheka kwenye baiskeli, akacheka sana kwenye mbuzi. Alipofika mwisho akarudi kwenye namba tatu, na kicheko kikaisha. Akaniuliza nilijifunza lini kuweka sahihi. Nikamwambia darasa la tatu, mwaka 1948. Akauliza kama tangu hapo nimewahi kuweka dole gumba kwenye karatasi yoyote. Nilitaka kukasirika, karani mzima kuulizwa hivyo. Kisha hasira ikaniishia, kwa sababu nilikuwa nimeanza kuona anakonipeleka.

Anasema ile karatasi ya Godlove inaitwa kughushi, ni jinai, na nilikuwa na haki ya kuingia chini ya kibao chake tangu siku ya kwanza. Barua yangu halisi ameishika kwa sababu ya sahihi, pamoja na stakabadhi tatu za mpunga ambazo Tukuswiga alizitoa kwenye sanduku lake la kanga. Zitakuwa vielelezo. Anasema ya Jamhuri tuiachie Jamhuri, yetu sisi ni ya shamba.

Jana nilirudi kituoni. Askari ni yule yule. Akashika kalamu, akauliza nimeibiwa nini, nikamwambia shamba. Akauliza, na nani. Hapo niligeuka nikautazama mlango mpaka akadhani nimerudia ile ya akiba. Kisha nikasema, mdogo wangu Godlove kaiba. Mama yetu anisamehe huko aliko. Nililia kidogo, askari akanisogezea kiti, na namba nikapewa.

Kwa hiyo malalamiko yote matano nayafuta, na kibao kibaki kilivyo. Yule mwizi msisumbuke kumtuma. Kumbe nilikuwa nakunywa naye chai kila Jumamosi, nikisubiri ufunguo.