Mtu Ndani ya Bilauri

Jumatatu, 8 Julai
Mama Wivine, anayekodisha vyombo vya arusi hapa mtaani Manika, anataka picha ya bilauri zake kwa bango la barabarani. Ametushindanisha wapiga picha wawili: mimi na Ntambwe, mwenye studio ng'ambo ya barabara. Ijumaa atachagua. Jina la mshindi litaandikwa chini ya picha, na arusi za kiangazi zote zitamfuata. Zote! Nikishindwa, nimebaki na picha za pasipoti. Lakini nishindwe na Ntambwe? Thubutu!

Jumanne, 9 Julai
Umeme hakuna, flashi haina chaji. Nimeazima taa za kichwa kwa wachimbaji wanaopanga jirani. Nyingine nimezifunga kwenye viti, moja nimeivaa. Mwanga wote mbele! Picha zimetoka, na katika kila bilauri amesimama mchimbaji mdogo, pua imevimba. Ni mimi.

Jumatano, 10 Julai
Mke wangu Mushiya amechungulia kwa Ntambwe. Anasema katundika shuka jeupe nyuma ya bilauri na anamulika shuka, si bilauri. Pembeni kaweka karatasi nyeusi, ukingo wa bilauri unajichora wenyewe. Akanishauri nifanye vivyo hivyo. Mimi! Anayemulika shuka apige picha ya shuka. Mushiya akaniambia kiburi changu hakipikiki. Lakini nilikuwa na wazo.

Alhamisi, 11 Julai
Wazo: bilauri zinang'aa mno. Nimezipaka unga wa muhogo, ule wa bukari, ugali wetu. Mng'ao kwisha, mchimbaji kwisha! Akili ni nywele, na mimi sina upara.

Ijumaa, 12 Julai
Mama Wivine aliisogeza picha yangu karibu na macho. Kisha: "Tata Tshimanga, nani alikula bukari mu bilauri yangu?" Nikamweleza kwamba huo ni ufundi. Akasema bibi arusi hanywi ufundi. Amemchagua Ntambwe. Mushiya alikuwepo, akacheka mpaka akakaa chini.

Jumatatu, 15 Julai
Bango limesimama. Jina la Ntambwe linasomeka hadi kituo cha vijana wa pikipiki za taxi-moto. Inaniuma, siwezi kuficha. Lakini kosa ni la bilauri: kitu kisicho na rangi wala uso, utakipigaje picha?
Mchana kaja Tata Kankolongo, muuza vioo vya kujitazamia. Anataka picha ya kioo chake kikubwa kuliko vyote. Hatimaye, bidhaa yenye uso! Nimemwambia alale usingizi. Nitasimama mbele ya kioo, katikati kabisa, na flashi.