Doa Gotini, Kidonda Mdomoni

Jumatatu, 3 Machi

Kidonda bado kipo. Wiki ya sita leo. Mdomo wa chini, upande wa kushoto, pale pale sigara inapokaa. Nimekiangalia kwenye kioo cha pikipiki ya mteja huku nikijifanya nachokonoa meno. Kidogo tu, kama punje ya mtama. Hakiumi. Kisichouma si ugonjwa, huo ndio msimamo wangu.

Shida si kidonda. Shida ni Mama Pacha. Mke wangu anajua niliacha sigara miaka sita iliyopita. Niliapa mbele yake na mbele ya pacha wetu, kabla hawajaolewa. Nikienda hospitali, swali la kwanza litakuwa: unavuta? Na hospitali iko hapo mbele, hatua thelathini kutoka duka letu la kopi, na nusu ya manesi wake huchapishiwa barua zao na mke wangu. Habari itafika dukani kabla yangu.

Mpango: barakoa! Nimemwambia Mama Pacha kwamba wino wa unga wa mashine unanikereketa koo. Amenitazama kidogo. Amesema sawa Baba Pacha, kinga ni bora kuliko tiba. Ameamini yote. Nimeoa mwanamke asiye na dhana.

Pakiti nimeihamishia kwenye boksi la Vyeti Visivyochukuliwa. Akiba ya mwisho, ile sigara moja ninayoiita mshumaa wa dharura, iko ndani ya chupa tupu ya wino, juu ya kabati. Haya siyasemi popote ila humu. Shajara inalala kwenye droo ya kaunta. Funguo za droo ni mbili tu: mmoja wangu, mwingine wa Mama Pacha, ambao hana kazi nao.

Jumanne, 4 Machi

Wizi! Pakiti haipo kwenye boksi la vyeti. Vyeti vyote vipo, vimepangwa vizuri kuliko jana. Pakiti, hakuna.

Namshuku Rangi Zote. Huyu ni jirani yangu wa mlango wa pili, aliyenunua mashine ya kopi za rangi na tangu hapo anatembea kama aliyeoa tena. Sina ushahidi. Lakini leo amenisalimia kwa furaha mno, na mtu asiye na hatia hafurahi hivyo asubuhi.

Nimenunua nyingine kwa muuza magazeti, nikavuta nusu nyuma ya tangi la maji. Kisha karafuu mbili mdomoni. Kidonda na karafuu hawapatani! Machozi yamenitoka. Mama Pacha ameuliza kulikoni. Nimesema nimemkumbuka marehemu mama. Amenipa kitambaa na kunishika bega. Nimejisikia mtu mbaya kwa dakika kumi hivi.

Alasiri amekuja Sista, yule nesi mkuu wa kliniki ya uchunguzi wa saratani. Anataka vipeperushi mia nne kufikia Ijumaa jioni, vya kugawa getini Jumamosi. Rangi Zote alikuwa amesimama mlangoni pake, akatangaza kwamba yeye anaweza kutoa Ijumaa saa sita, tena kwa rangi. Nimesema mimi saa tano. Sijui nani alinituma.

Alhamisi, 6 Machi

Mama Pacha amechapa kipeperushi leo. Ana tabia ya kusoma kwa sauti anachochapa. Miaka yote tabia hiyo hainisumbui. Leo imenisumbua.

Nikiri kwamba kimeandikwa vizuri. Kinasema mwili ni seli nyingi mno, na kila seli ina kitabu cha maelekezo ndani yake, kinaitwa DNA. Seli ikigawanyika, kitabu kinanakiliwa chote. Hapo nikatega sikio, kwa sababu hiyo ni biashara yangu. Kuna makosa ya kunakili, hayakosekani, lakini seli ina mafundi wake ndani wanaopita na kurekebisha. Kosa likiwa kubwa, seli inasimama kwanza, haitoi nakala mpaka litengenezwe. Lisipotengenezeka, seli inakubali kufa, kwa heshima zake, ili isiharibu wenzake.

Mama Pacha akanywa maji. Nikadhani kamaliza.

Hakumaliza. Seli zinaelemewa, akasoma. Moshi wa sigara unachanachana DNA. Jua kali hivyo hivyo. Kidonda kinachochokozwa kila siku kinaua seli, na zilizobaki zinalazimika kujinakili haraka kuziba pengo, na kazi ya haraka ina makosa. Mafundi wanazidiwa. Wanaanza kulipua kazi. Kosa linapita, linarithiwa na nakala zote zinazofuata. Moja halitoshi kuleta saratani. Ila mwaka baada ya mwaka yanarundikana, mpaka inapatikana seli moja isiyojua tena kusimama wala kufa. Inajinakili tu.

Alisoma maneno "moshi wa sigara" kwa sauti ya kawaida kabisa, macho kwenye kibodi. Nikakohoa ndani ya barakoa. Akauliza kama niongezewe maji.

Jioni balbu ya dukani iliungua. Nikapanda juu ya kigoda, yeye akakishika, kama kawaida. Miaka thelathini na mmoja sasa: mimi napanda, yeye anashika. Nikiwa juu pale na balbu mkononi, nikaona utosi wake una mvi nyingi kuliko nilivyodhani, na wazo likanipiga: mimi nikienda, nani atampandia huyu? Atapanda mwenyewe, na hakuna wa kushika kigoda. Nikashuka haraka. Naogopa. Basi, nimeandika. Naogopa sana.

Ijumaa, 7 Machi

Saa tatu asubuhi, nakala ya kwanza: doa! Jeusi, la mviringo, kwenye goti la kushoto la yule mtu aliyechorwa katikati ya ukurasa. Kuna kitu kimeganda kwenye kioo cha mashine.

Dawa naijua. Zima mashine, ipoe, spiriti, kitambaa laini, robo saa. Lakini Rangi Zote alikuwa mlangoni mwangu na kikombe chake cha chai, anauliza kama natafuta msaada. Mbele ya mtu yule nizime mashine? Thubutu!

Mpango: nikaacha mashine iendelee, nikachukua wino mweupe wa kufutia, nikawa nafuta doa kwenye nakala, moja moja. Nilifika nakala ya arobaini. Mashine ilikuwa imeshatoa mia moja na tisini. Mkono ukaanza kufa ganzi. Nikajiuliza: nani anaangalia goti? Zilizobaki nikaziacha zipite.

Saa tano kasoro dakika mbili nimekabidhi. Rangi Zote amekunywa chai yake imepoa. Ushindi!

Mama Pacha alipokuja aliokota moja sakafuni. Akasema tu: ungefuta kioo, Baba Pacha. Nikamwambia mambo ya mashine aniachie mimi.

Jumatatu, 10 Machi

Siku ya aibu. Naandika yote.

Saa mbili asubuhi Sista kaingia dukani. Hakupiga kelele, na hiyo ni mbaya zaidi. Kaweka kipeperushi kwenye kaunta, kaweka kidole kwenye goti. Chini ya picha, Mama Pacha alikuwa amechapa kama alivyoagizwa: "Ukiona doa au kidonda kisichopona wiki tatu, kama hiki, muone daktari." Doa halisi lilikuwa limechorwa shavuni kwa kalamu nyembamba, na halionekani vizuri. La kwangu linaonekana mpaka ng'ambo ya barabara.

Kliniki imejaa magoti. Watu sitini na kitu! Wamekunja suruali, wamepandisha sketi, kila mmoja na kovu lake la utotoni. Sista akataka niende mwenyewe nikawaeleze, maana yeye kaeleza na hawamwamini, wanasema imeandikwa.

Nikaenda. Nikapanda juu ya benchi. Nikaanza kusema goti halihusiki. Nyuma wakapiga kelele: toa hiyo barakoa, hatusikii! Nikasema nasikika. Wakasema sisikiki. Nikaitoa.

Nikaeleza doa, kioo, wino mweupe, kila kitu. Nilieleza vizuri sana. Hakuna aliyekuwa anaangalia goti tena. Mbele kabisa alikaa mzee mmoja, refa mstaafu, suruali moja imekunjwa hadi pajani. Akasoma kipeperushi, akanitazama, akasoma tena. Kisha akaninyooshea kidole kama anatoa penalti: "Mbona huyu ndiye anacho!"

Watu sitini na kitu wakageukia mdomo wangu. Na daktari, aliyekuwa kasimama mlangoni.

Akanishusha kwenye benchi kwa mkono, taratibu, kama anateremsha glasi. Akauliza kina wiki ngapi. Nikasema mbili hivi. Nyuma yangu sauti ikasema: "Ya saba, daktari. Jumatatu iliyopita ilikuwa ya sita."

Mama Pacha! Alikuwa amenifuata. Sijui amehesabu vipi. Sikumwambia mtu yeyote.

Daktari akauliza kama navuta. Nikatazama dari. Nikatazama refa. Nikatazama mke wangu. Nikasema ndiyo.

Mama Pacha hakushtuka. Alichukua barakoa yangu mkononi mwangu, akaikunja vizuri, akaitia mkobani.

Jumanne, 11 Machi

Wamenikata kipande cha mdomo, kidogo, kikapimwe. Ganzi imefanya niongee kama mlevi. Mama Pacha alikaa nje ya mlango na mkoba wake mapajani muda wote.

Njiani nikamwomba msamaha, kwa herufi zile nilizoweza. Akasema alijua tangu siku ya pili baada ya kiapo. Miaka sita! Anafua mashati yangu, alisema, na siri ya mtungi aijuaye ni kata. Nikamuuliza kwa nini hakusema. Tukafika kwenye nguzo ya taa. Akasema alidhani akinibana nitaficha zaidi, nami nitakuwa na jambo jingine la kubeba. Kisha akasema alikosea, alipaswa kupiga kelele, akalia.

Miaka thelathini na mmoja sijawahi kumwona akilia barabarani. Nikamshika mkono. Rangi Zote alipita. Akavua kofia. Chuki yangu kwake ikapungua kidogo.

Jumatano, 19 Machi

Majibu.

Daktari alitumia neno "lakini", nami nikamshika Mama Pacha goti. Seli za mdomo zimeanza kubadilika. Nakala zimeharibika, mafundi wamezidiwa, LAKINI hazijavuka mpaka. Si saratani bado. Zinaelekea huko, zimekamatwa njiani. Atakata sehemu yote Jumatatu ijayo, na kila miezi mitatu nitarudi akague. Sigara basi. Kofia ya ukingo mpana juani.

Nikamuuliza kama sigara moja moja, ya dharura, nayo inahesabiwa. Akanikumbusha wino wangu mweupe. Nakala umefuta arobaini, akasema, doa liko wapi? Nikasema kwenye kioo. Akasema basi umejijibu. Daktari mzuri, ila anajua kuumiza.

Tulipotoka Mama Pacha alikaa kwenye ngazi za hospitali, akacheka, akalia, akacheka. Nikakaa naye. Watu wakawa wanatupita kushoto na kulia. Sijui tulikaa muda gani. Sijawahi kumpenda mtu kama ninavyompenda huyu, na nashangaa kwamba imebidi nipoteze kipande cha mdomo ili niandike hivyo.

Nimeapa upya. Safari hii kweli.

Jumamosi, 22 Machi

Siku ya tatu bila sigara. Nimegombana na stepla.

Sista ameleta oda mpya, vipeperushi vile vile, sasa bila goti. Nakala ya kwanza: doa! Nikachukua wino mweupe. Mama Pacha akanipita, akazima mashine, akachukua spiriti na kitambaa laini, akafuta kioo. Robo saa. Rangi Zote alituchungulia na chai yake, na dunia haikuisha.

Alipokwenda sokoni nilibaki peke yangu na kabati. Nilikumbuka mshumaa wa dharura. Sikutaka kuuvuta, jamani. Nilitaka kuunusa tu, nijue upo. Nikapanda juu ya kigoda, nikaishusha chupa ya wino, nikafungua.

Hakuna sigara! Kuna karatasi, imekunjwa nyembamba kama sigara, imechapwa kwa mashine yetu:

"Mshumaa wa dharura nimeuzima. Na usiogope sana. Kigoda nitakishika mimi mpaka mwisho, bora tu wewe ndiye uendelee kupanda. Sitaki kupanda mwenyewe."

Nimekaa sakafuni. Nimelia mpaka mdomo umeuma pale palipokatwa.

Halafu nikaanza kustaajabu. Kajuaje jina la mshumaa? Kajuaje la kigoda, na kwamba niliogopa? Hayo sijamwambia binadamu. Nimeyaandika humu tu! Basi ndio ndoa ya miaka thelathini na mmoja, mwanamke anafika mahali anakusoma moyo. Amejaliwa yule. Nabii mtupu.

Muuza magazeti kanipa moja, ya bure, eti ya pole. Sitaivuta. Ni ya kunusa. Juu ya kabati hapafai tena, na boksi la vyeti lilishajulikana, kwa hiyo nimepata mahali ambapo hata nabii hafiki: nimeibandika kwa gundi ndani ya jalada la nyuma la shajara hii. Droo nimeifunga mara mbili.