Mshenga wa Maboga

Jumatano ile redio yangu ndiyo iliyochokoza. Redio yenyewe haina kifuniko cha nyuma, betri nimezikaza kwa mpira, lakini ikitaka kugombanisha watu inasikika mpaka barabara kuu. Nilikuwa nimeshajaza vikombe, benchi limeshakaliwa na wenyewe, mara mtaalamu mmoja akasema kwa sauti ya kubembeleza: "Nyuki wakitoweka, mboga na matunda mengi yatachanua tu bila kuzaa."

"Zima hiyo, Bibi," akasema Wembe.

Wembe ni kinyozi wetu. Kibanda chake kinatazamana na jiko langu la kahawa. Mtu akitaka redio izimwe haraka hivyo, mimi huongeza sauti. Nikaongeza.

"Mwache mtaalamu aseme," akadakia Gundi, fundi viatu, sindano mdomoni. "Tena anasema kama anatujua."

"Anatujua wapi? Nyuki na sisi wapi na wapi?"

Hapo wote tukamgeukia Mzee Boga. Hakuinua macho kutoka kwenye kikombe. Ana kiwanja cha manispaa nyuma ya maduka, mwaka wa ishirini na tano huu analima maboga, na safari hii yamechanua kama yanaolewa yote siku moja. Halafu basi. Kile kiboga kidogo kinachokaa nyuma ya ua kinageuka njano, kinanyauka, kinaanguka. Na Ijumaa ya wiki ijayo afisa wa manispaa anakuja kukagua. Kiwanja kisicho na mazao kinachukuliwa. Tayari kuna bwana mmoja wa malori anapita pale kila jioni, anakipima kwa hatua zake, akionwa anajifanya ananyoosha mgongo.

"Bibi," Mzee Boga akaniambia, "hebu mwambie mkwe wangu kwamba nimemsikia mtaalamu vizuri sana."

Hapa lazima nieleze. Wembe kamwoa binti wa Mzee Boga, na mkwe hagombezwi mbele za watu. Kwa hiyo tangu maua yaanze kuanguka, mzee akiwa na neno analipitishia kwangu, Wembe naye anajibu kupitia kwangu, na wamekaa benchi moja, magoti yanagusana.

"Wembe," nikasema, "baba mkwe wako kamsikia mtaalamu."

"Mwambie baba namheshimu sana."

"Kasema anakuheshimu."

"Mwambie heshima nimeiona. Maboga ndiyo sijayaona."

Gundi nusura ameze sindano.

Mambo yalianza na nyusi. Nyuki walikuwa kwenye dari ya kibanda cha Wembe, wana maisha yao. Siku moja akawa ananyoa mteja, nyuki akamchoma yule mteja sikioni, mteja akaruka, wembe ukapita na nyusi nzima. Mtu kaingia na nyusi mbili katoka na moja. Kesho yake Wembe akaiandikia manispaa barua: sisi wakazi wa hapa tunaomba nyuki waondolewe. Akaizungusha tuweke sahihi.

"Na sahihi ya kwanza ilikuwa ya nani?" akauliza Mwalimu. Mwalimu ni mstaafu. Husoma gazeti la wenzake akiwa na kalamu nyekundu. "Mimi barua niliisoma. Nilisahihisha herufi kubwa nne. Sahihi ya kwanza, ya nani?"

Mzee Boga akakohoa.

"Sema, mzee."

"Mkwe akikuletea karatasi, utaanza kuisoma? Si ataona humwamini?"

"Na wewe Mwalimu uliyeisoma," nikamuuliza, "mbona ulisaini?"

"Mimi niliangalia lugha, Bibi. Lugha ilikuwa safi."

"Gundi?"

"Nilikuta wengine wamesaini. Ningejifanya nani?"

Na mimi, nisijitoe, niliandika jina langu kubwa kuliko yote. Nilimaliza darasa la saba, na nafasi za kuutumia usomi wangu ni chache.

Basi wakaja watu wa dawa, wamevaa vinyago kama wanakwenda mwezini. Wakapuliza dari. Dawa ikabaki kwenye tangi, na wao hawakutaka kurudi nayo ofisini, wakapuliza maduka yote, uzio wote, na jiko langu. Nyuki walidondoka kama mchele unaopepetwa. Siku ile tulipiga makofi.

"Bibi," akasema Gundi, "kuna nzi kwenye kikombe changu."

"Kaa naye vizuri. Aliyekuwa anawala hao ni buibui wa pembe ile, na buibui umemuua wewe kwa sahihi yako."

"Mimi nilisaini nyuki! Buibui sikumtaja!"

"Dawa haikusoma barua. Aliyeisoma ni Mwalimu, na umeona alivyotusaidia."

Wembe akaona anazingirwa, akasimama. "Jamani, tuwe wakweli. Nyuki alikuwa anafanya kazi gani? Anaingia kwenye ua la mtu, anakomba utamu, anaondoka. Kwangu huyo ni kibaka mwenye mabawa."

"Keti," Mwalimu akamwambia, na Wembe akaketi, maana sauti ile ilishawahi kumchapa. "Boga lina maua dume na maua jike. Dume lina unga wa njano. Jike ndilo lenye kile kiboga mgongoni. Unga wa dume usipofika kwa jike, kiboga kinakata tamaa. Sasa ua lina miguu?"

"Halina."

"Litamfuataje mwenzake? Nyuki anakuja kutafuta chakula chake, anajipaka unga miguuni, anakwenda nao kwa jirani. Wala hajui kama anafanya kazi. Anakula tu, na kwa kula kwake mzee wetu anavuna."

"Kumbe ni mshenga!" Gundi akapiga paja. "Wembe, umeua mshenga wa watu! Ndiyo maana wachumba wamejaa shambani hakuna hata wawili wanaooana!"

"Bibi," akasema Mzee Boga polepole, "mwambie mkwe wangu sishangai. Yeye mwenyewe alipokuja kuposa, alikuja bila mshenga. Alikuja na mkasi. Akaninyoa bure, akanichonga ndevu, nilipojitazama kwenye kioo nikapendeza, nikakuta nimeshakubali."

Tulicheka mpaka kahawa ikamwagika. Mzee hakucheka. Aliweka kikombe chini.

"Na mwambie kesho nang'oa. Afadhali afisa akute udongo mtupu kuliko akute majani yanajisifu. Binti yangu alijifunza kutembea kati ya mistari ile. Lakini basi, nang'oa."

Hata redio ilikuwa imeishiwa betri. Wembe akatazama mikono yake, kisha akamtazama Mwalimu.

"Huo unga, unashikika?"

"Kwa kitu chochote chenye manyoya laini."

Macho yetu yote yakaenda kwenye mfuko wa shati la Wembe, inapokaa brashi yake ya kupakia povu la ndevu. Akaishika kama mtu aliyeshikwa ugoni. Halafu akageuka, akamkabili mkwewe moja kwa moja.

"Baba, using'oe."

Na mimi, kazi ya utarishi ikaniishia hapohapo.

Kesho yake asubuhi, jua halijakaza, nilipita shambani. Sikwenda kuchungulia; nilikuwa nakwenda kuteka maji, ndoo nikaisahau nyumbani. Nikamkuta Wembe ameinama, brashi mkononi, analibembeleza ua: "Inua kidevu kidogo. Hapohapo. Usitikisike."

"Mkwe," mzee anamwelekeza kwa nyuma, "hilo ni dume. Na hilo ulilotoka ni dume. Unawaozesha nani?"

"Baba, yanafanana!"

"Tazama mgongoni! Lenye mzigo ndilo jike. Hata kijiweni si ndivyo unavyowatambua wenye kazi?"

"Fanya haraka!" Gundi anapiga kelele juu ya uzio. "Saa nne yanafunga! Hayana subira kama wateja wako!"

Ilipofika saa nne, Wembe alikuwa amehudumia maua thelathini na mbili, mgongo umekuwa kama ndoano, pua ina unga wa njano. Akaketi kwenye tuta, kando ya Mwalimu aliyekuja kusimamia.

"Mwalimu, nyuki mmoja anapitia maua mangapi kwa asubuhi?"

"Mamia."

Akaitazama brashi yake. "Na hana hata hii."

Alikwenda kila siku, siku nane. Ijumaa afisa alipofika alikuta maboga ishirini na sita, mengine kama kikombe changu, mengine kama kichwa cha mtoto. Aliyahesabu mara mbili, akayabonyeza asije akawa yamebandikwa. Bwana wa malori akanyoosha mgongo wake kwa mara ya mwisho, akaondoka. Afisa akasaini: kiwanja kibaki kwa mzee. Mzee Boga akamshika Wembe mkono mbele ya watu, hakuuachia upesi.

Tukadhani yamekwisha. Afisa akafunga kalamu, akasogea karibu, akashusha sauti.

"Mtaalamu wenu ni nani? Kwangu nako walipita na ile dawa. Matikiti ya mke wangu yanaanguka, na kwa hasira zake ndani hakukaliki."

Vidole vyote vikaenda kwa Wembe.

Jumamosi alikuwa kwenye matikiti ya afisa. Jumapili, kwa jirani ya afisa. Jumatatu wakamtumia pikipiki. Sasa wiki ya tatu, kiwanja ni cha Mzee Boga, maboga yananenepa, na kibanda cha Wembe kina kufuli. Gundi ndevu zake zimenaswa kwenye soli mara mbili. Jana Mwalimu alikuja nywele zimemfunika masikio, nikamwuliza anataka kahawa ya namna gani, hakunisikia.

"Wembe yuko wapi leo?" akaniuliza.

"Kwenye matango ya mkunga."

Akafunua nywele usoni ili apate kupitisha kikombe, akanywa, akakitua.

"Bibi," akasema, "kumbe nyuki ndio waliokuwa wanatunyoa."