Kapu Lako Limeliwa, Mpokee Nduguyo

Barani,
Malindi.
19 Februari 1986

Kwa Wifi yangu mheshimiwa,
Bi. Harusi binti Badawi,
Watamu.

KUHUSU: KUKUREJESHEA NDUGUYO, BWANA MBARUK, PAMOJA NA SUNGURA

Wifi, shikamoo.

Ikiwa barua hii imekukuta umekaa, usinyanyuke. Ikiwa umesimama, tafuta kiti kwanza. Mimi mwili wangu mzima, alhamdulillahi. Ya moyoni utayasoma hapa chini.

Nakuandikia wewe kwa kuwa ndiwe mkubwa wa nyumba yenu, na mke mwenye adabu akiwa na kesi na mumewe huipeleka kwa mkubwa wa mume, haendi kuitangaza kisimani. Mimi kisimani nimekwenda kuteka maji tu, na niliyoyasema huko ni machache.

Wajua kwamba nduguyo alistaafu unyapara wa mashamba ya chumvi kule Marereni mwaka juzi. Miaka kumi na minane alikuwa akipigia watu kelele juani. Aliporudi nyumbani moja kwa moja, akanyamaza. Lau angekuwa amenikasirikia ningejua pa kuanzia, lakini hakuwa na hasira na mtu. Alikaa tu kwenye kiti chake cha kamba akitazama ukuta. Mwaka na nusu mazungumzo yetu yalikuwa mimi kusema chakula tayari, na yeye kusema ameshiba. Mimi niliolewa na mtu mwenye maneno, Wifi, wewe ni shahidi. Hilo ndilo jeraha langu, na naliweka mwanzo usije ukadhani kesi yote hii ni ya viti na mikeka.

Sasa, mwisho wa Disemba nilikuletea kapu la visheti. Nawe, kwa kuwa umelelewa vyema, hukulirudisha tupu. Kadii jirani yangu alipotoka huko kwenu aliniletea kapu langu limefungwa kwa kamba, linatikisika lenyewe. Nikafungua, nikaona masikio. Ukaniagizia kuwa ni kitoweo. Ahsante sana. Nikampa nduguyo kisu, akaenda nacho uani, akakaa huko muda wa kupika chungu cha maharagwe. Aliporudi kisu kilikuwa kikavu na sungura yuko kifuani pake. Akasema: Amenitazama. Nilihesabu, Wifi. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu juzi yake.

Amempa jina Nyapara. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu hakungoja kupewa, alianza kuchimba siku ile ile. Mashtaka yangu ni haya yafuatayo.

1. Viti. Nyapara amekula miguu ya viti viwili vya sebuleni, mpaka anayekalia kimojawapo huinama kama anayenong'oneza siri. Nduguyo akasema meno ya sungura hayakomi kuota, sharti apewe cha kutafuna. Akamletea vijiti vya mpera na makumbi ya nazi. Nyapara akavinusa, akashukuru, akarudi kwenye kiti. Nduguyo akaipaka miguu ya viti pilipili. Sungura hakujali. Aliyelia ni mimi, niliyeipangusa asubuhi kisha nikajifuta jicho.

2. Redio. Waya wake ulikatwa vipande vitatu. Kwa sababu hiyo sikusikia matangazo ya vifo, na mama mdogo wa marehemu mamangu akafa Kilifi, akazikwa, matanga yakaanuliwa, mimi niko Barani nachambua mchele. Nilifika siku ya tisa nikapokewa kama mtu aliyekuja kuuliza njia. Sasa ukoo mzima wasema Kuluthumu ana kiburi. Ningewaeleza kuwa ni sungura, lakini wewe mwenyewe fikiria ingesikikaje.

3. Buibui langu jipya. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nguo zenyewe ndizo zilizoliwa. Amelitafuna pindo kuzunguka lote, nusu duara, nusu duara, kwa mpango. Kukawa na arusi mtaani, nami sikuwa na jingine, nikalivaa vivyo hivyo. Wanawake wawili wakanishika mkono kuniuliza fundi wangu ni nani. Nikasema yuko Mombasa. Mungu anisamehe. Mmoja wao amekuja tena jana kuuliza bei.

4. Haja zake. Hapa nitasema kwa heshima, maana nyumba hii huswaliwa na sharti iwe na tohara. Nilimwekea karai lenye maranda ya mbao, aliyonipa fundi Randu bila kuuliza, pembeni kabisa mwa ua. Nyapara akalipenda sana. Akalifanya kitanda. Haja akenda kuifanyia sebuleni, kwenye pembe ile iliyo chini ya picha yako, Wifi, ile uliyopigwa ukiwa umevaa vidani. Nikaihamisha picha upande wa pili, kwa ajili yako. Akahama nayo. Nikaihamisha tena. Akahama tena. Sisemi lolote juu ya jambo hili, naripoti tu.

Ndipo nduguyo, baada ya kukaa sakafuni siku tatu akimtazama, akagundua kuwa sungura haendi liliko karai, bali karai ndilo huenda aliko sungura, na ndani yake sharti uache chembe chache za jana ili akumbuke ni pake. Tukafanya hivyo. Wallahi tangu siku hiyo hakosei. Lakini sasa mgeni akiingia huona picha yako ukutani na karai chini yake. Huniuliza kama paa linavuja. Nami husema linavuja, na kaskazi hii, hakuna wingu!

5. Pilipili manga. Niliianika kwenye uteo barazani. Nilipoikusanya jioni ilikuwa imezidi. Nina miaka hamsini na minane, sijapata kuona pilipili manga ikaanikwa juani ikaongezeka. Nimeitupa yote na uteo wake, na pilau ya Ijumaa ile ilikuwa nyeupe na ya huzuni.

6. Hili nilikusudia nisiliandike. Nduguyo huzungumza naye. Asubuhi namsikia akimwuliza amelalaje. Mimi sijaulizwa nimelalaje tangu mwaka juzi, na mgongo wangu waujua. Humwita, humtania, humkemea, humsimulia mambo ya kazini ambayo mimi mkewe sikuwahi kuyasikia. Nimeyasikia nikiwa nyuma ya mlango wa jikoni, nimesimama na mwiko mkononi kama mwizi. Nikitoka, hunyamaza. Miaka yote nilijiweka tayari kwa mke mwenza, kama kila mwanamke mwenye akili, na nilikuwa na maneno yangu ya kumwambia. Kumbe ningeletewa mwenza wa manyoya, tena kwa kapu! Nina wivu, Wifi. Nishasema. Naumia.

7. Kapu lako. Nasema lako kwa kuwa juzi nililitia maandazi nikikusudia kukuletea, ili nami nisionekane sikufunzwa. Nilipogeuka kutafuta kitambaa cha kufunikia, Nyapara alikuwa amekwisha kula maandazi matatu na kapu zima. Umebaki mshikio mmoja.

Hili la saba ndilo lililonifikisha kwenye uamuzi, nami nakuomba unifuate taratibu. Ada yetu, chombo cha mtu hakirudi kitupu. Chombo chenyewe hakipo, kimo tumboni mwa sungura. Kwa hivyo kapu likirudi ni lazima sungura arudi, maana ndimo lilimo. Lakini ada hiyo hiyo yasema hutamrudishia mtu kile kile alichokupa, hilo ni tusi. Lazima kiongezwe kitu kingine kizuri. Nikatazama nyumba nzima nione ni kitu gani kizuri nilichopata kutoka kwa watu wenu. Visahani vya kahawa vimevunjika. Kanga zimechakaa. Nikamwona nduguyo.

Mlinipa mwaka 1950, akiwa na meno yote. Nakurudishia amepungua kidogo, lakini anatembea. Naomba uje umchukue kabla ya Ijumaa, au nimtie garini mwenyewe na sungura mapajani. Mimi nitakwenda Lamu kwa dada zangu, ambao husema wote kwa pamoja.

Ili usipate taabu, nakuandikia jinsi ya kuwatunza. Sungura apewe majani ya mchunga kabla jua halijawa kali, na yasiwe na maji maji, humharibu tumbo. Nduguyo apewe uji, na usiwe wa moto, humharibu hasira. Sungura asinyanyuliwe kwa masikio. Mkono mmoja kifuani, mwingine umshike nyuma. Nduguyo asiulizwe kitu kabla hajanywa chai. Akigonga mguu chini ameogopa, mwache. Nasema sungura, lakini ni wote wawili. Samaki wa kupaka umpikie nduguyo kila wiki, ukwaju usizidi. Hatasema kuwa ni kitamu. Utajua kwa mkate: akifuta sahani kwa mkate, kimempendeza. Mwanzo wa upepo wa kusi goti lake la kushoto humuuma naye hatakwambia, basi we weka mafuta ya nazi ya uvuguvugu pale karibu kisha ujifanye umeyasahau.

Nimemaliza. Sina kinyongo nawe wala sina haja ya kapu jingine.

Nisalimie wote wa nyumbani, wakubwa kwa shikamoo na wadogo kwa marahaba. Nisalimie majirani, hata yule aliyesema visheti vyangu vigumu, mwambie nimesikia. Kadii akusalimu. Fundi Randu akusalimu, hakujui lakini amekuona ukutani alipokuja kutengeneza viti. Nduguyo hakusalimu, kwa kuwa sikumwambia nakuandikia.

Ni mimi wifiyo mwenye heshima na masikitiko,
Kuluthumu binti Zein.

Tanbihi: Wifi, mimi simshtaki mtu kwa siri. Kabla ya kuifunga barua nilimwita nduguyo, nikamkalisha, nikamsomea yote, hata lile la sita, nikiwa nimefumba jicho moja kwa aibu. Nilitaraji aje juu. Ukurasa wa pili mabega yakaanza kumtikisika. Nilipofika pale pa kukurudishia yeye, alicheka! Alicheka hata akashika ukuta, hata machozi yakamtoka, nami nikacheka kwa kuwa yeye amecheka, mpaka Kadii akapiga hodi kuuliza kama kuna msiba.

Kisha akaniuliza kwa nini nisikilize nyuma ya mlango, na kiti kipo. Akasema mwanzoni alikuwa akijaribu tu kwa sungura, maana sungura hasemi kama jambo ni la kipuuzi, na mtu akinyamaza muda mrefu hajui aanze na lipi. Basi nimemwambia aanze na lolote. Ameanza na siku ya kwanza ya kazi, mwaka 1966, na mpaka sasa hajafika mwaka 1967.

Kwa hivyo usije kumchukua mtu, na sungura pia mwache. Barua naituma kwa kuwa stempu nishaibandika. Naandika haya naye yuko hapa jikoni anaendelea. Wali unaungua, Wifi, harufu naisikia, na sinyanyuki.