Msajili Atii Amri ya Mahakama

Jumatatu, 4 Mei
Mahakama Kuu imeamua: Dkt. Nirupama Jha arudishiwe kiti chake cha kufundisha Mimea. Tulimfukuza miaka sita iliyopita, kisa alikataa kumwongezea alama mtoto wa mkubwa mmoja. Mimi ndiye Msajili wa chuo, kwa hiyo amri inanihusu. Tatizo, kitini yupo shemeji yangu Bablu. Mke wangu Kumkum kanieleza kwa upole kabisa: siku Bablu akitoka chuoni, nami nitoke nyumbani.

Wakili wetu Chaubey anasema Dkt. Jha ataripoti kazini Jumatano. Asipopokelewa, nitakuwa nimeidharau mahakama. Nikamuuliza, je, akikuta chuo kimefungwa? Chaubey akaacha kutafuna tambuu, akanitazama. Wivu tu.

Jumatano, 6 Mei
Nimetangaza likizo ya joto kali. Siku moja tu, leo. Geti kufuli! Saa nne mvua ikashuka, tena ya mawe. Dkt. Jha kasimama getini na mwavuli, barua ya kuripoti mkononi. Wanafunzi wake wa zamani wanakula bajia za pakora na kulipiga picha tangazo langu la joto likilowa. Nimeyaona yote kutoka dirishani. Bablu naye kaja kuomba ufunguo wa kantini. Eti, "Shemeji, njaa haina likizo."

Alhamisi, 7 Mei
Jaji ananiita. Nifike mwenyewe kesho! Kifua kikaanza kuuma papo hapo. Kwetu wakubwa wote huumwa kifua wakiitwa mahakamani. Ni desturi, na hospitali zinajua. Nimelazwa. Kitanda safi. Nimemwagiza Bablu uji, akaleta mikate ya litti na nyama ya mbuzi. Tukala. Akatupiga picha, akaiweka mtandaoni: shemeji anaendelea vizuri sana.

Ijumaa, 8 Mei
Jaji ameiona picha. Akauliza kama mbuzi naye ni dawa. Ukumbi mzima kicheko, hata Chaubey, ninayemlipa! Nikakutanisha viganja, nikaomba radhi bila masharti. Jaji akasema angeweza kunitia ndani mwezi mzima. Hapo kifua kikauma kweli, na hakuna wa kuniamini. Niliogopa sana. Mwisho akanihurumia: nikae benchi la nyuma mpaka mahakama ifunge kazi, na Dkt. Jha apewe barua yake leo leo. Nikasaini juu ya goti.

Nimekaa kutwa. Wakulima wenye kesi za mipaka wananiuliza nimeiba nini. Alasiri Dkt. Jha akaniletea chupa ya maji. "Kunywa, kaka. Benchi hilo nalijua, nimelikalia miaka sita." Nikaona aibu. Kidogo. Kisha feni ikanipepea, nikasinzia.

Jumatatu, 11 Mei
Dkt. Jha anafundisha. Wanafunzi wamejaa mpaka madirishani. Bablu kajilaza sebuleni kwangu, Kumkum hanisemeshi. Lakini nimepiga hesabu zangu. Kumbe adhabu yenyewe ni benchi na feni, basi!

Leo nimemwachisha kazi Dkt. Hembram wa Fizikia, Bablu apate pa kukaa. Mtu mpole, hakubisha hata kidogo. Kaomba tu nakala moja zaidi ya barua, ya mkewe, ambaye ni wakili. Nikampa tatu. Uungwana ni vitendo.